Wasomaji Wanauliza: Osileta ya sinthesaiza inayofifia noti zikipanda

Swali: Ninajenga sinthesaiza ya analogi. Mikrokontrola ya ATmega328P inahesabu muda wa noti na kumwaga chaji ya kapasita ili nipate wimbi la meno ya msumeno. Noti za chini zinanguruma vizuri, ila nikipanda oktava mbili sauti inafifia. Tatizo liko kwenye programu?

Jibu: Programu haina kosa. Kapasita yako inachajiwa kwa mkondo uleule kwa noti zote. Ukipanda oktava moja, muda wa kuchaji unabaki nusu, na wimbi linafika nusu ya kimo chake. Oktava mbili, robo. Roland walishalitatua hili kwenye Juno-6 ya mwaka 1982: taima ya dijitali inaamua kapasita imwagwe lini, na mkondo wa kuchaji unapanda pamoja na noti.

Ili mkondo upande hivyo, tumia MCP4822, kigeuzi cha biti 12 cha namba kuwa volti, ukiiweka kwenye geni ya 2 ili kila hatua iwe milivolti 1. Nusu ya kwanza ya TL072 (chipu ya op-amp mbili; umeme wa volti +12 na -12) igeuze volti hiyo kuwa hasi kwa rezista mbili za kilo-ohm 10. Kutoka hapo ipite rezista ya kilo-ohm 100 kwenda nusu ya pili, yenye kapasita ya nanofaradi 1 kati ya pini ya kutokea na ya kuingilia hasi. Kwa thamani hizo, wimbi la volti 10 linataka milivolti 1 kwa kila hezi. Noti ya hezi 440? Andika 440 kwenye MCP4822, basi. Kapasita iwe C0G au ya filamu; kauri ya X7R hubadilika kadiri volti inavyopanda na mstari wa wimbi hupinda.

Wengi hukwama kwenye swichi ya kumwaga chaji. J112 (transista ya JFET) iliyofungwa sambamba na kapasita haizimiki geti likiwa volti 0, na pini ya mikrokontrola haiwezi kutoa volti hasi. Weka LM311 (kilinganishi cha volti) katikati: pini 1 kwenye -12, pini 7 kwenye geti pamoja na rezista ya kilo-ohm 4.7 kwenda graundi, pini 3 kwenye volti 2.5, na pini 2 ipokee pigo la mikrokontrola. Pigo la maikrosekunde 5 linatosha.

Swali: Nikibadilisha noti, mara nyingine sauti inakatika kidogo na kutoa "tap". TOP yangu (kikomo cha hesabu ya taima) iko kwenye rejista ya ICR1.

Jibu: Hapo ndipo penye ugonjwa. ICR1 hubadilika papo hapo. Kama hesabu ya taima imeshaipita thamani mpya, taima itakwenda hadi 65535 ndipo irudi sifuri. Kwa kigawanyo cha 8 (kinachopunguza kasi ya saa ya taima) ni kimya cha hadi milisekunde 33 hivi. Hamia modi ya 15: TOP iwe OCR1A, rejista ambayo thamani yake mpya husubiri mzunguko uishe, na pigo litoke OC1B (pini 10 ya Arduino Uno) ukiweka OCR1B (urefu wa pigo) = 9. Kwa hezi 440, OCR1A ni 4544. Usipige pini kwa mkono ndani ya intarapti: intarapti nyingine zitaichelewesha na utasikia mkwaruzo.

Juu ya hezi 300 hivi tumia kigawanyo cha 1, na OCR1B iwe 79. Ukibaki na 8, karibu na hezi 4000 hatua moja ya taima ni zaidi ya senti 3 (senti 100 ni nusu-toni), na mteremko wa noti utasikika kama ngazi.

Swali: Sasa noti za juu ziko sawa, lakini za chini kabisa kimo chake hakilingani.

Jibu: Ni ofseti ya TL072, milivolti chache tu. Kwenye hezi 2000 huioni. Kwenye hezi 40, milivolti 4 ni asilimia 10. Badala ya rezista ya kilo-ohm 100 weka ya 91 ikifuatana na trima ya 20. Piga hezi 2000, zungusha trima hadi osiloskopu ionyeshe volti 10. Shuka hezi 40, kisha kwenye programu ongeza au punguza namba moja isiyobadilika kwa kila thamani ya MCP4822 hadi kimo kirudi. Rudia hatua zote mbili mara moja.