Maswali ya Gereji: Chumba cha injini cha Beetle kama kilivyotoka kiwandani

SWALI: Wahariri, salaam. Nina Beetle, Volkswagen 1300 ya mwaka 1968. Bodi imeshapigwa rangi upya, lakini nikifungua mlango wa injini naona aibu. Mabati mengine yamepakwa rangi ya fedha, mengine yameota kutu, lile linalofunika feni ni la kromu, na mpira unaozunguka injini haupo kabisa. Nataka paonekane kama siku lilipotoka kiwandani. Nianzie wapi, na rangi yake halisi ni ipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kabla hujanunua hata kopo moja la rangi, tafuta huo mpira. Beetle halina rejeta. Feni inavuta hewa ya baridi kupitia matundu ya nyuma ya gari, inaisukuma kwenye silinda, kisha hewa hiyo ikiwa ya moto inatokea chini, huko huko kwenye ekzosi. Kinachozuia ya chini isirudi juu ni yale mabati ya pembeni pamoja na mpira wake. Mpira ukikosekana, feni inanyonya hewa iliyokwisha kupata moto na kuirudisha kwenye injini ileile. Ndiyo maana kwenye gari hili hatupendi kusikia mtu akiita kazi hii urembo.

Jambo la pili ni kujua kama injini uliyonayo ndiyo ya gari. Safisha sehemu iliyo chini kidogo ya mguu wa dainamo, utaona namba imegongwa kwenye bodi ya injini. Injini ya 1300 ya mwaka wako huanza na F. D ni ya 1200 na H ni ya 1500. Ukikuta AB, AD au AS, hiyo ni injini ya miaka ya 1970 iliyopachikwa baadaye. Si kosa, ila baadhi ya mabati yake yatatofautiana na unayoyaona kwenye picha za magari ya 1968, kwa hiyo jua hilo kabla hujaanza kuagiza spea.

Injini lazima ishuke. Wapo wanaojaribu kupaka rangi ikiwa humo humo, lakini bati la mbele, lile linaloelekea kwenye viti, halifikiki, na ndilo linalooza zaidi. Fungua betri kwanza. Ziba paipu ya petroli inayotoka kwenye tangi. Toa waya za dainamo, za koili na ya swichi ya oili, kebo ya mafuta, kebo mbili za hita, mabomba ya hewa na bati la nyuma. Kinachobaki ni boliti mbili za juu na nati mbili za chini, zote za spana 17. Injini ina uzito wa kilo 110 hivi, kwa hiyo weka jeki ya magurudumu chini yake na uivute nyuma ikiwa imenyooka. Usiiache ining'inie kwenye shafti ya giaboksi hata kwa dakika moja, maana hapo ndipo shafti na sahani ya klachi vinapopinda.

Kwenye kuosha ndiko watu wanakoharibu vitu vya bei. Bodi ya injini ni ya magnesiamu, silinda hedi ni za aluminiamu, kabureta ni ya aloi. Maji ya betri, ambayo baadhi ya mafundi huyatumia kutoa kutu, yanaila magnesiamu. Kostiki soda nayo inaila aluminiamu. Ukiloweka hedi usiku kucha, asubuhi utazikuta zimekuwa za kijivu na nyuso zake hazikai sawa tena. Tumia mafuta ya taa na brashi ngumu, halafu sabuni ya unga na maji, matundu yote yakiwa yamezibwa kwa matambara. Mchanga wa kupuliza usikaribie injini kabisa, kwa kuwa chembe moja ikiingia kwenye njia ya oili itasaga beringi. Hata bati la feni si salama: lina mikunjo ndani, mchanga unajificha humo kisha unatoka siku injini inapowashwa. Kwa hilo tumia dawa ya kubabua rangi na brashi ya waya.

Sasa rangi. Mabati yote, bati la feni, ea klina na paipu ya kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa yawe meusi, ila weusi wa kung'aa nusu. Ukiona sura yako kwenye bati, umezidisha. Praima ya kushika chuma pasi moja nyembamba, kisha rangi nyeusi pasi mbili nyembamba, ukingoja dakika 10 hadi 15 kati yake. Lita moja ya rangi inatosha mabati yote na inabaki. Rangi ya unga ya kuchomwa inadumu, hatukatai, lakini ni nene. Inajaza matundu ya skrubu, na mabati yanayopaswa kulaliana yanaacha mwanya.

Bodi ya injini, silinda, hedi, kabureta na pampu ya petroli usivipake chochote. Hivyo huachwa na rangi yake ya chuma, na rangi nene juu ya mapezi ya silinda ni sawa na kuivisha injini koti. Kuta za chumba chenyewe ni rangi ya gari, na ule ukuta wa mbele una kibao cheusi cha lami cha kupunguza kelele, kinachoshikwa na vimeno vya bati. Vimeno hivyo huvunjika ukivikunja mara mbili tatu, hivyo vinyooshe taratibu.

Skrubu za mabati ni za M6, kichwa chenye mfereji, zilizopakwa zinki. Peleka za zamani zikachovywe zinki upya badala ya kununua zile za kujichimbia. Hizo ndizo zilizokula nyuzi kwenye magari mengi tunayoletewa maswali yake. Bati la kromu litoe. Mengi ya dukani ni membamba, hayakai sawasawa, na yanavujisha hewa kwenye maungio.

Unaporudisha, mpira uwe umeshavalishwa kwenye bodi ya gari kwanza, upakwe maji ya sabuni, halafu injini inapoingia mtu mmoja akague kwa kidole kuhakikisha ukingo wa bati umeingia kwenye mfereji wa mpira pande zote. Usisahau vile vimpira vinne vya waya za plagi vinavyoziba tundu kwenye bati. Ni vidogo, bei yake ni ndogo, na karibu kila gari linavikosa. Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa kidole gumba ushuke kama milimita 15. Unaurekebisha kwa washa (pete nyembamba za chuma) zilizo katikati ya puli ya dainamo, nati ya 21: ukitoa washa katikati mkanda unakaza, ukiongeza unalegea. Washa uliyoitoa hukaa nje, chini ya nati hiyo hiyo. Haitupwi.

SWALI: Fundi wangu ameng'oa themostati (kifaa kinachofungua njia ya hewa injini ikipata moto) na vile vibati vyake vya ndani ya bati la feni akisema huku kwetu ni joto, havina kazi. Ameondoa na mabomba ya hita. Sasa nikikaa kwenye foleni taa ya oili inamemeta. Je, ni feni imechoka? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Feni hiyo haichoki. Imefungwa kwenye shafti ya dainamo. Mkanda ukiwa mzima nayo inazunguka. Tuanze na mabomba. Bati la feni lina midomo miwili ya kupeleka hewa kwenye hita. Ukiondoa bomba bila kuziba mdomo, hewa iliyokusudiwa kwenda kwenye silinda inamwagika ndani ya chumba. Rudisha mabomba, au ziba midomo yote miwili kwa vifuniko vya bati, si kwa matambara.

Vibati vya ndani havikai pale kwa ajili ya baridi ya Ulaya tu. Vikiwa wazi ndivyo vinavyoielekeza hewa kwenye hedi na kwenye kipoza oili. Vikitolewa, hewa inapita inapotaka. Themostati yenyewe inafungua kati ya nyuzi joto 65 na 70, na ikipasuka huwa inaviacha wazi, kwa hiyo hoja kwamba itakuja kukuunguzia injini haina mashiko. Kuwa nayo kunasaidia injini ipate joto haraka asubuhi, hata Mombasa.

Ukisharudisha hivyo, kagua oili: ujazo ni lita 2.5 tu, na nusu lita ikipungua unaiona kwenye joto. Kama taa bado inamemeta injini ikiwa ya moto, pima presha ya oili kwa geji. Hapo sasa huenda ni beringi, na hiyo ni kazi nyingine.

SWALI: Je, filta ya plastiki ya petroli inafaa kukaa juu, karibu na kabureta? Naona magari mengi yako hivyo. – Msomaji, Nairobi

JIBU: Itoe leo. Kijipaipu cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta kimepigwa tu kikaingia, hakina nyuzi. Uzito wa filta ukitikisika nacho kinalegea, kisha kinachomoka, na chini yake kuna distribyuta yenye cheche. Beetle nyingi zimeungua kwa njia hii. Weka filta chini ya gari, upande wa giaboksi, kabla paipu haijaingia chumba cha injini. Mpira wa petroli uwe ule wa asili uliofumwa kwa uzi kwa nje, wenye tundu la milimita 5 hivi, na ubadilishwe mara unapoona umekauka au uzi umefumuka. Klipu weka kila mwisho. Kagua pia kimpira kwenye bati la mbele pale paipu ya chuma inapopita, maana bila hicho bati linaikata polepole.

SWALI: Gari langu ni la 1967 lakini bati la feni lina kibanda (kijumba cha bati cha kukaa kipoza oili) nyuma yake. Nimeambiwa si la asili. Nilibadilishe? – Msomaji, Arusha

JIBU: Kweli si la mwaka huo. Kibanda kilianza kwenye magari ya modeli ya 1971. Kabla ya hapo kipoza oili kilisimama ndani ya bati, katikati ya njia ya hewa, na silinda namba 3 ikawa inapata hewa iliyokwisha pashwa moto. Kibanda kilikihamisha na kukipa njia yake ya kutolea hewa, na feni ikawa pana zaidi.

Ushauri wetu ni ukiache. Ukifungua mlango wa injini kibanda kiko upande wa pili wa bati, hakionekani, na gari linafaidika. Lakini ingiza mkono uhakikishe kile kibati kinachoshusha hewa ya kipoza hadi chini ya gari kipo pamoja na mpira wake. Kikikosekana, hewa ya moto ya oili inamwagika ndani ya chumba na feni inaivuta upya.