Godoro la haibridi: angalia kilichomo ndani, jina peke yake halitoshi

Dada, nimelisoma swali lako. Unasema godoro lenu la sponji limebonyea katikati, mumeo ana mwili mkubwa na hutokwa na jasho usiku, na wewe unalala ubavu kisha unaamka nyonga inauma. Muuzaji amekuambia dawa yake ni haibridi, yaani godoro lenye springi chini na sponji au mpira juu, nawe unataka kujua kama hicho ni kitu cha kweli au ni jina la kuuzia tu. Mimi ni fundi wa makochi na magodoro kwa miaka mingi, kazi yangu ni kuyachana na kuona yamejazwa nini, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyakuta ndani.

Haibridi ni kitu cha kweli. Shida ni kwamba jina lenyewe halina mwenyewe. Kiwanda chochote kinaweza kuliandika kwenye lebo, hata kama ndani kuna springi za kawaida zilizofunikwa na sponji nyembamba.

Haibridi halisi ina kazi mbili zilizogawanywa. Chini kuna springi za mifuko, yaani kila springi imefungiwa kwenye kifuko chake cha kitambaa na inabonyea peke yake bila kumvuta jirani. Ubunifu huo ni wa zamani, ulitoka kwa James Marshall huko Kanada mwishoni mwa karne ya 19. Juu yake kuna tabaka nene la foamu (sponji) ya kawaida, memori foamu (sponji inayolainika kwa joto la mwili) au lateksi (mpira), wakati mwingine mbili kwa pamoja. Springi ndizo zinazobeba uzito na kuacha hewa ipite. Tabaka la juu linapokea bega na nyonga ili zisigongane na ugumu wa chini. Kwa maoni yangu, tabaka hilo likiwa chini ya sentimita 5, hilo ni godoro la springi kama mengine, na mtu anayelala ubavu kama wewe angetafuta sentimita 7 au zaidi.

Aina ya springi unaweza kuijua hata bila kulichana. Springi za kizamani zina kiuno chembamba katikati na zote zimeunganishwa kwa waya, hivyo moja ikishuka inashuka na wenzake. Mwambie mumeo alale upande wake ajigeuze, wewe lala upande wako. Ukitikiswa kila anapogeuka, hizo si za mifuko, au ni za mifuko lakini tabaka la juu ni jembamba mno.

Sasa hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Wauzaji wanapenda kutaja idadi ya springi, na wanunuzi wanaondoka wakidhani wamepata godoro la kudumu. Mimi ninapofungua godoro lililobonyea, mara nyingi nakuta springi ziko wima, nzima kabisa. Kilichokufa ni foamu iliyo juu yake. Imelainika, imepungua kimo pale mwili unapolala, na haiinuki tena. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni densiti ya foamu, yaani mita moja ya ujazo ya foamu hiyo ina kilo ngapi.

Densiti si ugumu, na wengi huchanganya mambo haya mawili. Foamu nyepesi inaweza kutengenezwa iwe ngumu ukiishika dukani, kisha ikalegea mapema. Foamu nzito inaweza kuwa laini kabisa na bado ikadumu. Mkono haukuambii, lazima upewe namba. Kwa foamu ya kawaida mimi sishuki chini ya kilo 30 kwa mita ya ujazo, na kwa mwili mkubwa kama wa mumeo natafuta 35 kwenda juu. Kwa memori foamu naanzia 50, na kwa mtu mzito nataka 60 na kitu. Muuzaji akisema hajui, mwombe aulize kiwandani. Akikataa kabisa kukupa, mimi nisingenunua hapo, hata godoro liwe zuri kiasi gani kwa macho.

Kuhusu jasho la mumeo. Memori foamu ilitokana na utafiti uliofanywa kwa ajili ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, katika miaka ya 1960, lengo likiwa viti vya ndege. Tabia yake ni kulainika inapopata joto la mwili na kukumbatia umbo. Kwa nyonga yako hilo ni jema. Kwa mtu anayetoka jasho si jema sana, kwa sababu mwili unazama na hewa haipiti pembeni yake. Utaambiwa kuna jeli ya kupoza. Ubaridi wake unausikia mwanzoni unapolala, kisha nayo inapata joto la mwili. Ningewashauri tabaka la juu kabisa liwe lateksi au foamu ya kawaida yenye densiti nzuri, na kama kuna memori foamu iwe nyembamba na ikae chini ya hiyo. Lateksi hutengenezwa kwa utomvu wa mpira, au kwa mpira wa viwandani, au kwa mchanganyiko wa vyote viwili, kwa hiyo uliza ni ipi. Ile ya mpira wa asili nimeikuta ndani ya magodoro ya zamani ikiwa bado inadunda. Ubaya wake ni uzito, kuligeuza godoro hilo ni kazi ya watu wawili.

Kwenye springi nina mawili tu. Waya hupimwa kwa geji, na geji inakwenda kinyume: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Geji 13 au 14 itambeba mumeo vizuri kuliko 16. Pia kaa ukingoni kama unavyokaa unapovaa viatu. Ukingo ukizama hadi unahisi utateleza, ujue pembeni hapakuimarishwa, na nyinyi wawili mtajikuta mnalala katikati tu kwenye godoro mlilolipia lote.

Ugumu sasa. Utaona magodoro yameandikwa 6 au 7 katika 10. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote, 6 ya huyu inaweza kuwa 8 ya yule. Na ile imani kwamba mgongo unaouma unataka godoro gumu kama sakafu haina nguvu inavyodhaniwa. Utafiti wa Hispania uliochapishwa kwenye jarida la tiba la The Lancet mwaka 2003, kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, uliona waliopewa magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi ya waliopewa magumu. Hiyo ni kwa kiuno. Nyonga yako ni jambo jingine kidogo: anayelala ubavu anaegemeza uzito mwingi kwenye bega na nyonga, kwa hiyo anahitaji juu pawe laini zaidi. Anayelala chali anataka wastani. Anayelala kifudifudi anahitaji pagumu zaidi ili tumbo lisizame na kuupinda mgongo. Kama maumivu yako hayahusiani na kulala tu, yaani yanakuja hata ukitembea, muone daktari. Godoro halitatibu hilo.

Kwa kuwa nyinyi mna miili tofauti, ningetafuta wastani wenye waya mnene chini na sentimita 7 hadi 8 za ulaini juu. Springi zitambeba yeye, na tabaka la juu litakufaa wewe. Mkikosa kabisa, kuna wanaonunua magodoro mawili ya kimo kimoja na kuyaweka pamoja kwenye kitanda kimoja. Nimewaandalia wateja kadhaa hivyo na wamefurahi.

Mwende wote wawili dukani. Lala kwa mkao wako wa usiku, si chali kwa adabu huku muuzaji amesimama, na ukae hapo dakika 10 au 15. Mumeo akiwa nyuma yako aangalie uti wa mgongo: unapolala ubavu unapaswa kunyooka kutoka shingoni hadi kiunoni. Kiuno kikining'inia, godoro ni gumu kwako. Nyonga ikizama kuliko bega, ni laini mno. Duka linalokubali mlijaribu nyumbani kwa wiki kadhaa na kulirudisha lina thamani kubwa kuliko punguzo lolote.

Garanti isome kwenye kipengele cha kubonyea. Nyingi zinahesabu shimo kuanzia kina fulani, mara nyingi sentimita 2.5 hadi 4, na hulipima godoro likiwa tupu. Shimo la sentimita 2 litakuumiza lakini halitakulipa. Nyingi pia zinafutika godoro likilowa au likiwekwa kwenye kitanda kisichofaa.

Na hapo kwenye kitanda, umeuliza kama cha zamani kitatosha. Pima nafasi kati ya chaga na chaga. Zikizidi sentimita 7 au 8 ongeza chaga, maana haibridi ni nzito na foamu iliyo chini ya springi itazama kwenye mianya hiyo. Kwa kitanda cha watu wawili lazima kuwe na mti wa katikati wenye mguu unaofika sakafuni. Likija limekunjwa, lifungue mapema, liache lipate kimo chake na harufu itoke, siku moja hadi tatu hivi. Baada ya hapo lizungushe kila miezi michache, kichwani kwende miguuni. Usiligeuze chini juu, upande wa springi haukutengenezwa kulaliwa.

Ukipata densiti, geji na unene wa kila tabaka kwa magodoro mliyoyaona, yaandike hapa tuyalinganishe.