Nimeizima plagini ya bure, mbona tovuti bado inapeleka wateja kwenye kamari?

SWALI: Habari fundi. Nina tovuti ya WordPress ya kampuni yangu ndogo ya utalii hapa Moshi. Kijana aliyenitengenezea aliweka plagini nyingi (programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo), na ile ya wageni kuweka nafasi, ambayo kwa kawaida ni ya kulipia, aliipata bure kwenye kundi la Telegram. Siku hizi mteja akitokea Google kwa simu anatupwa kwenye kurasa za kamari. Nikifungua mimi kwenye kompyuta, sioni tatizo. Nimeizima plagini hiyo, hali ni ileile. Nifanyeje? Na nitajuaje plagini ipi ni salama?

JIBU: Pole sana. Kwamba wewe huoni kitu ndiyo dalili yenyewe. Virusi vya aina hii humkwepa mwenye tovuti: huangalia kama mgeni ametoka Google, kama yuko kwenye simu, na kama hajaingia kwa akaunti ya msimamizi.

Kuzima hakukusaidii kwa sababu mafaili ya plagini bado yako kwenye seva, na pengine si humo tena tatizo lilipo. WP-VCD, kirusi kilichosambaa sana kupitia plagini na themu (miundo ya mwonekano wa tovuti) za wizi, hujipandikiza kwenye functions.php, faili la msimbo lililo ndani ya kila themu, na kuacha mafaili mengine ndani ya wp-includes, folda ya WordPress yenyewe. Ukifuta plagini, chenyewe kinabaki.

Kama una bakapu (nakala ya akiba ya tovuti) ya kabla plagini hiyo haijawekwa (si kabla kamari hazijaanza, maana kirusi huweza kulala muda mrefu), irudishe. Kama huna, futa plagini na themu zote, pakua WordPress na kila kitu upya kutoka kwa wenyewe. Picha zilizo kwenye folda ya uploads zibaki, ila humo usiache faili la .php (faili la msimbo) usilolijua. Kagua wp-config.php, faili la mipangilio ya tovuti, mstari kwa mstari, kisha badilisha zile funguo za siri zilizomo ili kila aliyeingia atolewe. Angalia orodha ya wasimamizi. Jina usilolitambua, futa. Halafu badilisha nywila zote: za tovuti, za hosti (kampuni inayohifadhi tovuti yako), za hifadhidata.

Kijana wako anaweza kujitetea kwamba plagini nyingi za WordPress ziko chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu yeyote kunakili na kugawa, hivyo kuzigawa si kosa. Hapo ana hoja. Lakini leseni haikuambii nani alikifungua kifurushi kile njiani na aliongeza nini.

Kuhusu kuchagua: kwenye ukurasa wa plagini huko wordpress.org, ghala rasmi la plagini, tazama ilisasishwa lini, imejaribiwa na toleo gani la WordPress, na kama maswali ya watumiaji yanajibiwa. Wingi wa watumiaji usikulaze. File Manager, plagini ya kusimamia mafaili ya tovuti, ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000 Septemba 2020, ilipogundulika kwamba mtu yeyote angeweza kupandisha faili kwenye tovuti bila hata kuingia kwa akaunti. Toleo la 6.9 liliziba tundu hilo. Waliochelewa kusasisha waliumia. Mimi plagini za namna hiyo siweki kabisa, kwa sababu kazi yake cPanel, paneli ya usimamizi ya hosti, inaifanya.

Kisa cha plagini ya Display Widgets kinanitisha zaidi. Ilikuwa safi, ikauzwa, na mwaka 2017 mmiliki mpya akaingiza msimbo wa kuchapisha matangazo taka ambayo mwenye tovuti aliyeingia kwa akaunti yake hakuyaona. Iliondolewa wordpress.org zaidi ya mara moja. Na plagini ikiondolewa huko, dashibodi yako haikuambii. Inaacha tu kudai sasisho, nawe unadhani mambo shwari. Kwa hiyo plagini iliyokaa kimya muda mrefu, nenda ukaangalie ukurasa wake kama bado upo. Usizozitumia zifute, usizizime tu.

Tangu toleo la 5.5 la WordPress unaweza kuruhusu kila plagini ijisasishe yenyewe. Ruhusu kwa nyingi. Ya kupokea nafasi na malipo isasishe kwa mkono, siku hiyohiyo, baada ya kuchukua bakapu.

Hiyo ya nafasi, kama leseni bado ni ghali, weka fomu ya kawaida na kitufe cha WhatsApp. Kwa kampuni ndogo, kumjibu mgeni mwenyewe kunawezekana kabisa mpaka hela ipatikane.