ULIZA BIMA: Nimefutiwa bima kwa meseji ya WhatsApp, inaruhusiwa?

*Shikamoo mzee wa bima. Mimi niko Tabata Segerea, nina IST yangu niliikatia bima kubwa, ile inayolipa mpaka gari yangu mwenyewe, mwezi wa pili, gari ilithaminishwa milioni 18 na nikalipa yote mara moja. Asubuhi naendaga nayo kazini Posta, jioni na wikiendi nawasha apu ya Bolt naokota abiria wawili watatu, maisha yenyewe si unayajua. Sasa juzi ajenti kanitumia meseji "ndugu mteja bima yako imesitishwa na kampuni", basi, imeishia hapo. Barua hamna, hela haijarudi, nikimpigia hapokei. Kavanoti, ile karatasi ya kuonyesha gari ina bima, inasema inaisha mwakani mwezi wa pili. Wana haki kweli? Na trafiki akinisimamisha Buguruni nimwambie nini?*
*Dereva wa Tabata*

Marahaba kijana wangu. Nianze na jibu ambalo hulitaki: ndio, kampuni inaruhusiwa kufuta bima katikati ya mwaka. Watu wengi wanadhani ukishalipa ya mwaka mzima basi mmefungana mpaka tarehe ifike, sio hivyo. Chukua mkataba wenyewe, sio kavanoti, nasemea kile kitabu cha maandishi ya sisimizi ambacho ajenti wengi hawakupi mpaka ukiombe, nenda kwenye masharti ya mwisho mwisho utakuta kipengele cha kuvunja mkataba. Kwenye bima za magari mara nyingi kimeandikwa kwamba kampuni itakupa notisi ya maandishi, siku 7 ndio nimeziona sana ingawa zipo za 14 na za 30, barua itumwe kwa rejista kwenye anwani yako ya mwisho wanayoijua, na urudishiwe ada ya siku ambazo hujazitumia.

Sasa linganisha na meseji yako. Haina tarehe, haitaji siku za notisi, hela haizungumziwi kabisa. Kwangu mimi hiyo ni habari tu, notisi bado. Ila kabla hujaenda kuwaka kwenye kaunta ya watu, jiulize kwenye fomu uliandika anwani gani. Mimi nimekaa kwenye hii biashara miaka, nimeona barua zimelala kwenye S.L.P. ya ofisi ambayo mteja alishaacha kazi zamani, yeye anaapa hajaandikiwa na kampuni inatoa risiti ya posta, na hapo kampuni ndio inakuwa na nguvu maana mkataba unasema itume pale, hausemi ihakikishe umesoma.

Kuhusu hela piga hesabu mwenyewe. Bima kubwa ya gari binafsi kwa asilimia 3.5 ya milioni 18 ni 630,000 kabla ya VAT. Toka mwezi wa pili tuseme umetumia miezi 5, imebaki 7, kwa hiyo kama wao ndio wamefuta unadai kama 367,500. Usikubali kuambiwa "tutaipeleka kwenye bima yako ijayo" kama huitaki.

Halafu tuje kwenye Bolt, maana naona umeipitisha haraka haraka kama vile sitaiona. Ulikata bima ya gari binafsi alaf unabeba abiria kwa malipo. Hizo ni daraja mbili tofauti na bei tofauti, sababu gari inayozunguka usiku Sinza mpaka Mbezi ina hatari kubwa kuliko inayolala kwenye parking ya ofisi. Bima inasimama kwenye ukweli, anayekata anatakiwa kusema kila kitu cha maana. Tulivyokuwa tunasoma pale IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, mtaa wa Shaaban Robert tulikaririshwa kesi ya Uingereza ya mwaka 1766, Carter na Boehm, mtu alikatia bima ngome iliyoko Sumatra isije ikatekwa na adui, Wafaransa wakaiteka kweli, aliyetoa bima akasema nilifichwa udhaifu wa ngome. Jaji Lord Mansfield ndio akaiweka vizuri hiyo kanuni ya kutofichana, lakini kumbuka aliyeshinda ni mkata bima, kwa sababu yule aliyetoa bima mambo yenyewe alikuwa anayajua au angeweza kuyajua na hakuuliza. Mimi hiyo sehemu ya pili ndio naipenda, na ajenti wetu wanaisahau. Kwa hiyo kama ajenti alikuuliza matumizi ukasema "binafsi tu", umejikaanga. Kama ulimwambia ya Bolt akakujibu "usijali tutaandika binafsi iwe rahisi", tafuta hizo chat sa hivi kabla hujabadilisha simu.

Na angalia barua ikija itumie neno gani. Kufuta kunaanzia siku notisi inapoisha kwenda mbele, hakurudi nyuma, yani kama uligongwa mwezi wa nne na madai yako bado hayajalipwa, kufutwa leo peke yake hakuyaui. Kubatilisha ni kitu kingine, hapo wanasema mkataba ni kama haujawahi kuwepo kwa sababu ulidanganya, na hata madai ya zamani yanaingia matatani. Wateja wanachanganya haya mawili na kampuni nyingine zinafurahia tu mchanganyiko huo.

Trafiki humwambii kitu, anaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, anaona. Na wewe fanya hivyo hivyo leo, ingia TIRA MIS, ndio huo mfumo wao, uangalie. Ikionyesha haipo, paki gari. Usikimbilie bima ndogo, ile inayolipa hasara za wengine tu, ya 118,000 ya gari binafsi alaf jioni ukawasha apu, utakuwa umerudi pale pale, kata ya biashara.

Barua yako ya malalamiko iandikie kampuni yenyewe, sio ajenti, wakugongee mhuri kwenye nakala. Wakikaa kimya nenda TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya 2009, yuko hapa hapa Dar na mlalamikaji halipi kitu.

*Habari anko, nimeuza gari yangu Noah na bima kubwa nimeitumia miezi 4 tu. Naweza kuifuta mimi mwenyewe nirudishiwe hela?*
*Dada wa Kimara*

Unaweza dada yangu, ila usitegemee theluthi mbili. Anayefuta akiwa mteja kampuni inatumia jedwali la muda mfupi, linakata zaidi kuliko miezi uliyotumia, na kama ulishalipwa madai mwaka huu mara nyingi hupati kitu. Andika barua, rudisha cheti. Mnunuzi akikwambia "niachie tu na bima yako" mkatalie, bima ni yako wewe, haihami na gari mpaka kampuni ikubali.

*Nimeruka mwezi mmoja bima ya maisha, imekufa?*
*Wa Mbagala*

Mikataba mingi ya maisha ina siku 30 za kuvumiliwa baada ya tarehe ya malipo. Hesabu vizuri, na kama bado ziko lipa leo uchukue risiti.