Kwa mnaoanza kazi kwenye depo za mafuta: simu iacheni getini

Ukipata kazi kwenye depo za Shimanzi au Kipevu, Mombasa, getini utaulizwa simu kabla hujaulizwa jina. Itoe, usibishane na askari. Vijana wengi hudhani marufuku hii ni ya kuwazuia kupiga soga na picha. Picha zimo, hasa bandarini, lakini kwenye matangi kinachoogopwa ni mvuke.

Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu la Pwani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini ukatuama mitaroni na kwenye mashimo ya vali, pale pale utakapoinama kufanya kazi, na macho hayauoni. Ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa, cheche ndogo yatosha. Wala usiambiwe mafuta ya ndege ni salama: mvuke wake waweza kushika moto kuanzia nyuzi 38, na bomba la chuma lililopigwa na jua la Changamwe mchana kutwa huzipita.

Utasikia wakongwe wakisema hawajaona simu ikilipua kitu. Kweli, simu nzima iliyotulia mfukoni ni nadra kuwasha moto. Mimi naiogopa ile inayoponyoka ikaangukia zege, betri ikapondeka na kuanza kuchemka. Ndiyo maana kuizima hakutoshi.

Hesabu kila chenye betri: saa janja, vidude vya masikioni, pawabanki, sigara ya umeme, rimoti ya gari, hata tochi ya kawaida. Kinachoingia ni kifaa kilichoundwa kwa maeneo yenye mvuke wa kushika moto, chenye alama ya Ex. Fundi akihitaji kamera ya kawaida, huombewa kibali na hewa hupimwa kwanza.

Wengi wanaoficha simu huwa na mgonjwa au mke mjamzito nyumbani, na hilo nalielewa sana. Basi kabla ya siku ya kwanza omba namba ya ofisi ya zamu, uwaachie wa nyumbani. Likitokea la dharura, msimamizi atakuita kwa redio.

Ukigundua umeingia nayo, usiitoe mfukoni, usiiguse hata kwa kuizima. Acha kazi, toka taratibu kwa njia salama uliyoonyeshwa, kisha mwambie msimamizi wewe mwenyewe, hata kama utaandikiwa onyo.