Kausha mahindi chini kabla hujayapandisha kihambani

Familia nyingi za Kilimanjaro zina mashamba mawili. Kihamba kipo juu, na migomba, kahawa na ng'ombe mmoja au wawili bandani. Shamba la mahindi lipo chini tambarare, kwenye ukanda wa joto unaoanzia pande za Bomang'ombe hadi kupita Himo. Mahindi ya masika huvunwa Julai na Agosti, miezi ambayo huku juu ni ukungu, manyunyu na baridi. Mtu anavuna chini penye jua, anapakia kwenye kirikuu siku hiyohiyo kwa kuogopa wezi, kisha anayaanika kihambani ambako jua huonekana saa tatu kwa siku. Wiki ya tatu punje zinanuka, na lawama zinaangukia mfuko au dawa. Makosa yalianzia kwenye safari.

Gharama ya kubaki chini siku nne au tano zaidi ni mlinzi na chakula chake, na inalipa. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 yakikauka hadi 13, gunia la kilo 100 linabaki kilo 94 na kidogo. Kwa hiyo ukipakia mabichi, katika kila gunia umelipia nauli ya karibu kilo sita za maji, na utakosa jua la kuyatoa maji hayo.

Vuna mapema. Ukichomoa punje ukakuta alama nyeusi kwenye kitako chake, hindi limekomaa, hata kama jani la juu bado lina ukijani. Kuliacha lisimame shambani mwezi mzima "likauke lenyewe" ni kumkaribisha dumuzi, maana huruka kutoka maghalani na kuanza kushambulia kabla ya mavuno. Mdudu huyu, ambaye wakulima wengine humwita Scania, asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini alianzia Tabora. Hupenda punje ikiwa imeshikwa imara kwenye gunzi, kwa sababu hapo anapata pa kujikita anapotoboa. Basi menya, anika magunzi siku mbili, pukuchua mapema, kisha endelea kukausha punje zikiwa huru. Kupiga magunzi kwa fimbo ndani ya gunia kunavunja punje, na punje iliyovunjika ndiyo mlango wa fukusi na ukungu. Mashine nayo huvunja ikiwa mahindi bado ni mabichi.

Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Unene usizidi upana wa vidole viwili, kwa hiyo turubai la mita 4 kwa 6 linatosha gunia tano hadi sita, si kumi. Geuza kila baada ya saa moja. Saa kumi jioni kusanya na funika, kwa sababu umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya siku nzima.

Kung'ata punje kwa meno kunadanganya. Tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango ikapoa, funga, tikisa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya hapo, lakini mfuko usiopitisha hewa unataka 13 au pungufu, hivyo ongeza siku moja au mbili za jua kali. Wengi hukosea hapa: wanafaulu kipimo cha chumvi na kufunga papo hapo.

Pepeta, kisha chambua kwa mkono punje zilizooza, zenye ukungu wa kijani au weusi. Usiwape kuku, usimpe ng'ombe, usizipeleke kwenye pombe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haitoki kwa kupika wala kwa kuchachusha, na ng'ombe akiila sehemu yake hutokea kwenye maziwa ambayo watoto wanakunywa. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu Dodoma na Manyara. Zifukie.

Sasa mfuko wa kinga njaa, ndio ule usiopitisha hewa. Una mifuko miwili ya nailoni ndani na mmoja wa kusukwa nje. Jaza upepo kila nailoni, kamata mdomo, bana uone kama unavuja. Acha mahindi yapoe kivulini kabla ya kutia, maana yakiingia na joto la jua yatatoa jasho ndani. Jaza huku ukishindilia, acha mdomo wa kutosha, kamua hewa, sokota, kunja shingo na ufunge kwa kamba ya mpira. Fanya hivyo kwa nailoni ya ndani, kisha ya pili, kisha mfuko wa nje. Wadudu waliomo humaliza hewa wakafa, kwa hiyo hakuna haja ya dawa. Usiufungue mwezi wa kwanza hata kwa kuchungulia.

Anayetumia mifuko ya kawaida atahitaji dawa ya unga. Kipimo ni kile cha kwenye lebo, na ichanganywe na mahindi yote juu ya turubai, si kunyunyizwa juu ya gunia. Vidonge vya fosfini, vile vya kuulia wadudu kwa gesi, visiingie kabisa katika nyumba wanamolala watu. Gesi yake inaua.

Panga mifuko juu ya chaga za mbao, nusu mita kutoka ukutani, ili paka apite na panya asipate maficho. Dari la zamani juu ya jiko lilifanya kazi kwa sababu moshi ulikausha na kufukuza wadudu. Dari la leo lisilo na moshi halifanyi hivyo, na mbao zake kuukuu huficha dumuzi kutoka msimu hadi msimu. Zioshe na uzikague kabla ya mzigo mpya.

Kwa chakula cha nyumbani, nunua mifuko ya kilo 50 badala ya 100. Kila ukifungua unaingiza hewa, na familia inayosaga debe moja kwa wiki huchukua wiki tatu kumaliza mfuko mdogo, lakini huchukua zaidi ya wiki tano kwa ule mkubwa. Mfuko uliokwisha ukague kwenye mwanga wa jua. Nailoni zisizo na tundu zitatumika tena Agosti ijayo. Iliyotobolewa ifanye ya kubebea samadi.