Geuza Beji Kabla ya Kuuliza Bei

Mwenzangu unayeanza kukusanya beji na picha za kampeni za urais wa Marekani, najua swali lako la kwanza ni bei. Liweke kando kidogo. Igeuze beji uitazame mgongo na ukingo, kwa sababu sura ya mgombea na kauli mbiu yake ndivyo vinavyoigwa kwa urahisi. Aliyeitengeneza, na lini, mara nyingi utamjua kwa kutazama nyuma.

Ujifunze vizuri uchaguzi wa 1896, William McKinley alipopambana na William Jennings Bryan. Mwaka huo kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, New Jersey, ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya beji ya seluloidi, aina ya plastiki ya zamani. Picha ilichapwa kwenye karatasi, ikafunikwa kwa utando mwembamba wa seluloidi, kisha vyote vikakunjwa juu ya kibati na kubanwa kwa pete ya chuma. Beji nyingi za kampuni hiyo zina kikaratasi ndani ya mgongo chenye jina la kampuni na tarehe za hataza. Usikibandue hata kama kimechakaa, maana hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa.

Beji zilizochapwa moja kwa moja juu ya bati zilikuja kuenea baadaye. Kwa hiyo ukiletewa McKinley wa 1896 kwenye bati tupu lililochapwa, bila utando, hiyo ni nakala. Nakala za namna hii zimejaa sokoni. Mwaka 1972 kampuni ya mafuta ya American Oil ilitoa seti nzima ya beji zenye sura za kampeni za zamani, na hakukuwa na hila yoyote, kwani ukingoni ziliandikwa alama yao na mwaka. Hila ni ya wauzaji wanaoikwangua alama hiyo. Tangu 1973 sheria ya Marekani inataka nakala ya kitu cha kampeni iandikwe mwaka ilipotengenezwa. Ukiona ukingo umekwanguliwa, iache, hata muuzaji akikuapia.

Uwe na tahadhari zaidi na beji yenye sura mbili, ya mgombea na mgombea mwenza. Ile ya James Cox na Franklin Roosevelt ya 1920 ni adimu mno, na asilia zake zimeuzwa mnadani kwa makumi ya maelfu ya dola. Ukiuziwa kwa bei ya chai, umeuziwa nakala.

Picha nazo zina migongo. Harry Truman akiinua gazeti la Chicago Daily Tribune lililotangaza kimakosa mwaka 1948 kwamba mpinzani wake, Dewey, amemshinda, picha hiyo umeiona mara nyingi. Ila picha iliyosafishwa siku zile kwa ajili ya magazeti huwa na muhuri wa shirika la habari, maelezo yaliyobandikwa, pengine na tarehe ya kuchapwa gazetini. Iliyosafishwa miaka mingi baadaye inaonyesha Truman yuleyule, lakini haikupita chumba cha habari cha 1948.

Ninachokipenda kuliko vyote ni cha aliyeshindwa. Mwaka 1952, huko Flint, Michigan, William Gallagher alimpiga picha mgombea urais Adlai Stevenson ameketi akipitia karatasi zake, soli ya kiatu ina tundu. Picha ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na wafuasi wa Stevenson wakavaa nguoni vipini vyenye umbo la soli iliyotoboka. Ukivipata viwili hivyo, picha na kipini, vihifadhi pamoja. Wanaokusanya washindi tu hukosa nusu ya historia.

Huku kwetu watu huleta kanga ya "Hongera Barack Obama". Ihifadhi kwa heshima, lakini usiiuze kama kitu cha kampeni. Hongera hutolewa baada ya ushindi, na kanga hiyo ilitengenezwa kwa soko letu.

Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, adui wako wa kila siku ni unyevunyevu. Beji ya seluloidi usiioshe kwa maji, yatapenya chini ya utando na kuacha madoa ya kahawia kwenye karatasi, na kutu itafuata. Ifute kwa kitambaa kikavu, uiweke mbali na jua. Maelezo yako yaandike kwenye karatasi ya pembeni, kamwe si nyuma ya picha.